Kikombe Alichokiweka Chini Babu

Harufu ya buni ikikaangwa ndiyo iliyokuwa ikiniamsha utotoni, si saa ya mezani wala sauti ya mama. Ilipanda ngazi kutoka chini, ikapenya chini ya mlango wa chumba chetu, ikanifuata mpaka ndani ya shuka, nami nikajua kwamba Babu ameshatoka msikitini, ameshatundika kanzu yake msumarini, na sasa amesimama na fulana na kikoi mbele ya kikaango, anageuza buni kwa upawa wa mbao huku akijisomea nyiradi zake. Kisha iliingia harufu ya iliki na tangawizi zikitwangwa, halafu mandazi ya Bibi, na jua lilipoanza kuwa kali ikaja harufu ya oili na mipira kutoka gereji za jirani. Hiyo ndiyo Darsait yangu, mtaa wa hapa Omani. Sasa naishi Azaiba, na mtaani kwetu wapo watu wanaowasha mishumaa yenye manukato ya kahawa ili nyumba inukie. Nikiingia kwao nasema mashaallah, kwa adabu, lakini moyoni nacheka mpaka mbavu zinauma.

Sisi tulikaa ghorofani, na chini yetu ndipo palipokuwa kahawani kwa Babu Masudi. Jengo lilikuwa kuukuu hata wakati huo. Kuta zake zilikuwa nene, mimi nikiingia kwenye dirisha nikikunja miguu nakaa mzima mzima, na ndani mlikuwa na ubaridi ambao hata joto la Juni halikuweza kuufukuza. Kila mzee aliyekuja kunywa kahawa alikuwa na yake kuhusu asili ya jengo hilo. Mmoja alisema lilikuwa ghala la tende na ndimu kavu, wakati mizigo ikishuka kutoka bara ya Omani kwa punda. Mwengine aliapa lilikuwa mahabusu. Wa tatu, aliyependa kututisha watoto, alisema palikuwa na jini anayependa karata, na ndiyo maana yeye akifungwa kila siku. Tulilojua kwa hakika ni kwamba nyumba ilikuwa mali ya Shekhe Khalfan, Mwarabu wa bara aliyehamia Sib, na kwamba Babu alipofika kutoka Unguja na mke, watoto na dele moja la shaba la kupikia kahawa, bila Kiarabu cha kuombea kazi, Shekhe Khalfan alimpa ufunguo akamwambia akae. Hapakuandikwa kitu baina yao.

Waliokuja hapo walikuwa wengi wao watu wetu, waliozaliwa Unguja na Pemba, na wachache waliokulia Mwanza na Bujumbura. Asubuhi walikuwa wafanyakazi wa wizarani waliopita kwa kikombe cha haraka, lakini baada ya sala ya alasiri wakaja wazee, na wazee hawakuwa na haraka ya kwenda popote. Kila mmoja alikuwa na pahala pake kwenye benchi, na mgeni asiyejua akikaa pahala pa mtu alitazamwa mpaka anyanyuke mwenyewe. Hapo watu waliposwa, hapo vijana walitafutiwa kazi, hapo zilitoka habari za maziko kabla hata maiti haijaoshwa. Ami Seif, mdogo wake Baba, aliyesoma Uingereza, aliwaambia siku moja kwamba huko kila kijiji kina nyumba kama hii, nyumba ya zamani kuliko kumbukumbu za watu, ina jina lake juu ya mlango, kila mzee ana kiti chake pembeni mwa moto, na ikitaka kuvunjwa kijiji kizima huinuka kuitetea. Wazee walifurahi mno. Wakatikisa vichwa, wakasema kumbe Waingereza nao ni watu. Kisha Babu akauliza, "Na wanakunywa nini humo?" Ami Seif akaanza kukohoa. Bibi, aliyekuwa akisikiliza kutoka ngazini, akasema, "Astaghfirullah, Seif, unatufananisha na ulevini!" na tangu siku hiyo akiitwa kwa utani Seif wa Ulevini.

Babu alikuwa mtu mpole lakini kwenye kahawa alikuwa na ukaidi wa ajabu. Kahawa yake ilichemshwa pamoja na unga wake, nzito, nyeusi, na ukimiminiwa hukuruhusiwa kuinywa papo hapo. Lazima uweke kikombe chini mbele yako, ungoje mashapo yatue, uinamishe kichwa uchungulie, ndipo unywe. Aliyekurupuka akanywa alimkaripia. "We, unakunywa kahawa au unakunywa tope?" Sote tulizoea hivyo. Hata maji ya kunywa Babu aliyachungulia kwanza, na Bibi akawa anamuuliza kama ameona samaki.

Basi kiangazi kimoja shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa na miaka tisa, nashinda chini kwa Babu kwa sababu kule juu kiyoyozi chetu kilikuwa kinanguruma zaidi kuliko kinavyopoza. Akaingia Nasir, mtoto mkubwa wa Shekhe Khalfan, na mtu mwengine aliyeshika utepe wa kupimia. Hawakukaa, na kahawa hawakutaka. Walipima ukuta huu, wakapima ule, wakatoka nje wakatazama juu kwenye dirisha letu, na Nasir akamwambia Babu kwa Kiarabu cha polepole, kama anayesema na mtu mgonjwa, kwamba nyumba imechoka, wataivunja, pajengwe ghorofa refu la kupangisha na maduka ya simu chini, na kwamba tutafute pahala kabla ya majira ya baridi. Mimi ndiye niliyemfasiria Babu. Nakumbuka nilifasiri vizuri, neno kwa neno, nikijiona hodari, na nilipomaliza ndipo nikaelewa nilichokisema.

Kwetu sisi lilikuwa jambo la nyumba na la kahawa kwa pamoja. Baba alisema tutaomba nyumba ya serikali huko mbali, lakini ni ndogo, na Babu na Bibi itabidi wagawanywe, huyu kwa Ami Seif, yule kwa shangazi. Bibi alisikia akasema yeye hakuzeeka ili agawanywe kama nyama ya sadaka. Lakini usiku huo aliacha kupika, na Bibi akiacha kupika ujue mambo yameharibika. Mimi nilimwogopea Babu zaidi. Wazee wale walikuwa wameshahama mara moja maishani mwao, kwa namna ambayo hawakupenda kuizungumza mbele yetu, na sasa niliwaona wamekaa kila mmoja pahala pake, wanatazama vikombe vyao, na hapana anayecheza karata. Babu aliendelea kukaanga buni, ila akawa anaziunguza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nililia chooni ili nisionekane.

Baraza la wazee likakaa. Mmoja alitaka waende kwa liwali, mwengine alitaka wasome halbadiri, akanyamazishwa upesi. Ami Seif akashauri waseme nyumba ni ya kihistoria, kama wanavyofanya Waingereza, ilindwe. Babu akamtazama kwa huruma. "Historia gani, mwanangu? Mimi mwenyewe nnaumwa magoti, mbona hapana anayenilinda?" Mwishowe ikakubaliwa kwamba Babu aende mwenyewe Sib kwa Shekhe Khalfan, kwa sababu yeye ndiye aliyetoa ufunguo, na watoto wake bado wanamwogopa. Tatizo lilikuwa Kiarabu. Babu alijua Kiarabu cha sala na cha sokoni, na katikati yake hapana kitu. Watu wazima waliokijua vizuri walikuwa na kazi zao au waliona haya. Basi ikaamuliwa niende mimi, Zuwena, mtoto mdogo hapana atakayemkasirikia. Wazee wakanitungia hotuba. Ilikuwa ndefu, yenye salamu za kila namna, dua, na maneno ya kumkumbusha Shekhe mapenzi ya zamani, na kila siku jioni nilisimama katikati ya benchi nikaisoma kwa moyo huku wakinisahihisha wote kwa wakati mmoja. Nilijiona malkia.

Tulikwenda na teksi, Babu na kanzu mpya na kilemba kilichofungwa na mama, mimi na gauni la Idi lililoanza kunibana makwapani. Njia nzima nilikuwa nikinong'ona hotuba yangu. Babu alikuwa akitazama nje tu. Tulipokaribia Sib, upepo wa pwani ukiingia na harufu ya papa wa ng'onda, akanishika mkono akaniambia, "Zuwena, akikataa, usilie mbele yao. Tutalia garini." Nikamwambia silii.

Shekhe Khalfan alitupokea kwenye majlisi yake, chumba kirefu chenye mazulia na mito pande zote. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na macho ya kucheka. Nasir alikaa kulia kwake, na mdogo wake Nasir alisimama na birika la kahawa. Tukasalimiana kama wanavyosalimiana watu wa bara, habari za mtu, za watoto, za mvua, za safari, kisha za mtu tena tangu mwanzo. Tukala halua. Nikajiweka sawa, nikasafisha koo, najua baada ya kahawa zamu ni yangu. Yule kijana akamimina kikombe cha kwanza akampa Babu, maana ndiye mgeni mkubwa. Kahawa yao ni nyepesi, ya rangi ya mchanga, wala haina mashapo ya maana. Lakini Babu ni Babu. Akakipokea kwa mkono wa kulia, akasema ahsante, akakiweka chini kwenye zulia mbele yake. Akakiangalia.

Yule kijana akabaki na birika hewani. Nasir akainua kichwa ghafla, akakitazama kile kikombe, akamtazama baba yake, na uso wake ukabadilika rangi. Mimi sikujua limetokea nini. Nilifikiri labda Babu ameweka kikombe juu ya kitu cha thamani. Shekhe Khalfan akaniuliza, kwa sauti ya upole, mbona babu yangu hanywi. Nikamgeukia Babu nikamuuliza kwa Kiswahili. Babu akaona haya kusema anangoja mashapo, asije akaonekana anadharau kahawa ya mwenyeji, akatabasamu akasema, "Mwambie nitakunywa, inshaallah. Tuzungumze kwanza." Nikafasiri hivyo hivyo.

Shekhe Khalfan akanyoosha mgongo. Hakumtazama Nasir. "Mwambie babu yako anywe kahawa yake," alisema. "Haja yake imekwisha kupita. Ile nyumba ni yake yeye na watoto wake maadamu wanataka kukaa, na hapana mtu wa kwangu atakayeigusa." Nasir akafungua mdomo. Baba yake akainua kidole kimoja tu, na mdomo ukafungwa. Nikafasiri, ulimi wangu ukigongana na meno. Babu alinitazama kama ameniona nimeanza kusema Kihindi. "Amesema nini? Hebu rejea." Nikarejea. Babu akakichukua kikombe, akakinywa chote mara moja bila hata kuchungulia.

Hotuba yangu haikusomwa. Niseme kweli, garini nilikuwa nimekasirika. Nilimwambia Babu tumesahau kuisema, turudi. Babu alikuwa akicheka peke yake na kufuta macho kwa ncha ya kilemba, anasema, "Lakini sisi hatujamwomba kitu! Zuwena, tumemwomba kitu?" Nikamwambia hatujaomba. "Basi amejuaje?"

Alijuaje tuliambiwa na mama. Mama yangu hakuwa mtu wa Unguja, Baba alimwoa huku huku, binti wa watu wa bara upande wa Nizwa, na Kiswahili alijifunza kwa Bibi huku wakigombana. Tulipomsimulia, alikaa ngazini akacheka mpaka akashika tumbo. Kwao, alisema, kikombe cha kahawa hakiwekwi chini hata siku moja. Unakunywa, unakitikisa kuonyesha umetosheka, unamrudishia mmiminaji mkononi. Mgeni akikiweka chini bila kukinywa, maana yake amekuja na haja kubwa, na hanywi mpaka mwenye nyumba aikubali. Na mwenye nyumba, mbele ya watu, akimwacha mgeni anyanyuke na kikombe kimejaa, ni aibu itakayomfuata mpaka kwa wajukuu. Ami Seif akapiga kelele, "Na hukutwambia?" Mama akafuta machozi akasema, "Mliita baraza la wazee la siku ngapi sijui. Nani aliniuliza?"

Chini, watu waliruka. Karata zikatolewa, Bibi akapika biriani ya kulisha mtaa, na mimi nikabebwa begani ingawa sikufanya lolote. Raha niliyoisikia siku ile siwezi kuieleza, nilihisi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Ila Babu, baada ya isha, akavaa kanzu yake tena, akasema anarudi Sib. Amechukua nyumba ya mtu kwa jambo asilolikusudia, na huo kwake ulikuwa ulaghai. Bibi akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "We Masudi, kaa kitako! Mtu kakupa kwa roho yake safi, wewe unataka kwenda kumrejeshea?" Walibishana mpaka wakachoka, na Babu akakaa. Lakini mzigo haukumtoka. Kwa miaka yote iliyofuata Shekhe Khalfan alikuja mara kwa mara, akakaa pembeni na wazee wetu bila kuelewa nusu ya maneno yao, na Babu akimmiminia kahawa mwenyewe, macho chini, kama mwanafunzi aliyevunja kioo cha mwalimu.

Shekhe Khalfan amefariki juzijuzi tu, Mungu amrehemu. Babu yuko hai, mkongwe, hasikii vizuri, na kahawani sasa anasimamia mdogo wangu. Matanga yalipokwisha, Nasir akaja Darsait. Siku hiyo nilikuwa nimeshuka kumtazama Babu, na tulipomwona anaingia, mvi kichwani, akitazama kuta kama alivyozitazama zamani, nikamtazama mikono kama ameshika utepe. Nyumba sasa ni yake. Pande zote mbili za jengo letu pameshapanda maghorofa, na ardhi hiyo kila mtu anaitaka. Mdogo wangu akanyanyua dele ammiminie. Kabla Nasir hajasema kitu, Babu akanivuta shela. "Zuwena, nifasirie. Mwambie siku ile mimi sikuwa nnaomba. Mwambie nilikuwa nnangoja kahawa itulie. Sikuijua ada yao. Kama anaitaka nyumba yake, ni haki yake." Niliomba Mungu anipe uziwi. Lakini nilifasiri, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa.

Nasir alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, na kucheka kwake kulikuwa kwa marehemu baba yake mtupu. Alisema baba yake alijua. Alimwona Babu anavyochungulia ndani ya kikombe, akajua huyu mzee wa Unguja hana habari ya ada, anatafuta mashapo tu. Tulipoondoka, wao watoto walimjia juu, wakamwambia basi ahadi haipo, kwa sababu mgeni hakuomba. "Akatwambia, yule mzee hakujua kama ameomba, lakini mimi najua kama nimekubali," alisema Nasir. "Na akatuusia hivyo hivyo kabla hajafa. Mimi nimekuja kunywa kahawa, ammi. Sikuja na utepe."

Nilimpigia Babu maneno hayo sikioni, mara mbili, kwa sauti kubwa. Machozi yakamtoka, kisha akapiga goti lake kwa kiganja. "Mwongo mkubwa yule!" akasema. "Miaka yote hiyo nnammiminia kahawa, nnashindwa kumtazama usoni, na yeye anakaa hapo ananiangalia tu, anakunywa!" Akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka mdogo wangu akamletea maji.

Mimi siku hizi kazi yangu ni kusoma mikataba ya majengo. Kila ukurasa una saini chini, kila neno lina neno jengine la kulilinda, na bado nimeshaona watu wakitoka ofisini kwetu wamepoteza nyumba huku karatasi zao ziko mkononi. Sisemi ada ya zamani ilikuwa bora, maana Shekhe Khalfan angekuwa mtu mwengine tungehama kiangazi kile kile na pasingekuwa na wa kumlaumu. Lakini tulimpata yeye. Ijumaa nikiendesha kutoka Azaiba kwenda Darsait huwa nashikwa na wasiwasi wa kijinga ule ule wa nilipokuwa na miaka tisa, mpaka nikate kona na nilione lile jengo fupi limebanwa na maghorofa, mlango wazi, wazee wako kwenye mabenchi yao. Hapo ndipo nashusha pumzi, naegesha gari.